Gereza lisilofunga mtu lina mzuka wa mfungwa: barua ya wazi kwa wanaosimamia utalii Zanzibar

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utalii na mambo ya kale, Kamisheni ya Utalii Zanzibar, na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Waheshimiwa, Assalaam aleikum.

Mimi ni mtembeza watalii mwenye leseni, mzaliwa wa Malindi. Nawaandikia kuhusu biashara iliyoingia mjini kimya kimya na sasa imeshaota mizizi: matembezi ya usiku ya kuwaonyesha wageni mizuka. Mnayajua. Mgeni anakusanywa Forodhani baada ya magharibi, akishamaliza urojo na mishikaki yake, halafu wanaingizwa vichochoroni kwa kundi, kijana mbele na kurunzi, mara nyengine amejifunga shuka jeusi. Wanasimamishwa chini ya dirisha la mtu, wanaambiwa hapa palichinjwa, pale palinyongwa, na kule juu huonekana mwanamke amevaa nyeupe. Mwanamke aliyevaa nyeupe mara nyingi ni mama wa watu, ametoka kuanua nguo.

Siombi yapigwe marufuku. Nalisema hilo mapema kwa sababu barua za namna hii husomwa nusu, halafu inatoka amri ya kuzuia, na kesho yake papasi, yaani watembezaji wasio na leseni, wanaendelea kama kawaida huku sisi wenye leseni tumekaa nyumbani. Mji huu una hadithi za usiku, na mgeni ana haki ya kuzisikia. Ninachoomba ni hiki: kilichotokea kisemwe kilitokea, kinachosemwa kisemwe kinasemwa, na wenye maiti wao, wenye nyumba zao na wenye pepo wao waulizwe kwanza kabla hawajauzwa.

Nianze na mfano wa kucheka. Kisiwa cha Changuu, wageni wanachokijua kwa jina la Kisiwa cha Gereza, kilinunuliwa mwaka 1893 na Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri wa kwanza wa Sultani, na gereza likajengwa mwaka uliofuata. Halikupata kutumika kama gereza. Hofu ya maradhi ilitangulia, khasa homa ya manjano, na kisiwa kikafanywa karantini ya waliokuja kwa meli. Kobe nao walikuja baadaye, zawadi kutoka Shelisheli. Sasa nenda Changuu jioni na papasi yeyote: utasikia habari za mfungwa anayelia nyuma ya nondo. Siku moja nilisikia mpaka kosa lake limetajwa. Nikajisemea, huyu jamaa amemfunga mtu ambaye Mathews mwenyewe alimkosa.

Uongo huo haumuumizi mtu, nakubali. Lakini umekaa juu ya kisa cha kweli kilicho kizito kuliko huo. Mtu amesafiri baharini, anaiona Unguja kwa macho yake, taa za mji zile pale, anaambiwa ashuke kisiwani angojee kujulikana kama ni mgonjwa au mzima. Hapo pana usiku mzima wa kusimulia, na hakuna cha kuongeza.

Jambo la pili linanikera zaidi, na ni la elimu. Vijana wetu wamechukua mzuka wa Kizungu wakaupandikiza kwetu bila hata kuubadilisha kanzu. Kwa Wazungu mtu akifa vibaya husemwa anabaki akizungukazunguka nyumba aliyofia. Kwetu marehemu harudi. Yuko barzakh, makao ya roho hadi Siku ya Kiyama, ana hesabu zake na Mola wake, hana nafasi ya kukaa chini ya ngazi za hoteli kutisha watu. Wanaokaa na sisi ni wengine kabisa: majini, ruhani, vibwengo wa pwani, masheitani wa bara na wa ng'ambo ya bahari. Hao hawakufa, kwa hiyo hawana cha kufufuka. Wana dini zao, wapo Waislamu na wapo makafiri. Wana makabila, wana vyakula wanavyovipenda na harufu wasizozitaka, wanaoa, wanazaa. Ni majirani. Ndiyo maana bibi zetu hawamwagi maji ya moto uani usiku bila kusema bismillahi, kwa kuwa ukimuunguza mtoto wa mtu usiyemwona, mama yake atakuja kudai. Ndiyo maana mluzi haupigwi usiku, na mbuyuni hapapitwi jua la utosi ila kwa shida.

(Nitaje na hili kwa kuwa halijanitoka: matembezi hayo hayasimami Ramadhani. Mwezi ambao kila mtoto wa chuoni anajua mashetani wamefungwa minyororo, sisi tunakata tiketi za kwenda kuwaangalia.)

Nyumba niliyokulia ina chumba cha chini, kando ya kisima kilichozibwa, ambacho hakikuwahi kupangishwa hata miaka ya dhiki. Bibi alisema kina mwenyewe. Alkhamisi jioni, ukiingia usiku wa Ijumaa, alishuka na chetezo mkononi, udi umeshashika, akasimama kizingitini kabla ya kuvuka. "Assalaam aleikum. Ni sisi, tunapita tu." Alifukiza pembe zote, kisha akaweka kisahani cha haluwa dirishani, haluwa ya Pemba, ya dukani mwengine hakuitaka. Asubuhi watoto tulikuwa tukikimbilia kisahani. Kikiwa kitupu, bibi anasema amekula. Kikiwa kizima, anasema leo hana hamu. Mjomba alikuwa na maelezo yake kuhusu panya, ila hakuthubutu kuyatoa mbele ya mama yake. Na tukipiga kelele ngazini usiku hatukutishwa kwamba tutakamatwa. Tuliulizwa: "Nyie hamna adabu? Hamjui kuna watu wamelala?"

Kisa kama hicho nimewasimulia wageni mara nyingi, tumekaa barazani na kahawa, bila shuka jeusi. Hakuna aliyedai arejeshewe pesa. Wengi huuliza maswali ambayo mzuka wa kupiga kelele hauwezi kuyaleta: huyo jini anasali? Nani anamrithi nyumba ikiuzwa? Hilo la pili nawaachia nyinyi wa Mamlaka, maana nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimeuzwa na kugeuzwa hoteli, na sijui kama kuna aliyemtaarifu mpangaji wa chini.

Nyumba zenyewe tukizipita usiku, tukumbuke zina watu. Mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na urithi huo unakaliwa. Ukisimama mtaani Kiponda saa tano usiku ukapiga ukelele wa kuwastua wageni, juu yako kuna mzee atakayeamka kwa alfajiri, na kuna mtoto ambaye tangu wiki iliyopita hataki kulala peke yake kwa sababu amesikia dirishani, kwa Kiingereza anachofundishwa skuli, kwamba nyumba yao ina mtu aliyekatwa kichwa.

Hadi hapa nimechanganya na mzaha. Mkunazini sina mzaha. Soko la watumwa la pale lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba uliosimamiwa na balozi wa Uingereza, John Kirk. Juu ya uwanja wake likajengwa Kanisa la Anglikana, kazi iliyosimamiwa na Edward Steere, askofu ambaye kaburi lake limo humo humo nyuma ya madhabahu. Mchana pale pana heshima yake. Pana maonyesho, na pana ule ukumbusho wa Clara Sörnäs wa mwaka 1998, watu wa mawe wamesimama shimoni na minyororo shingoni. Nimeona wageni wenye maneno mengi wakifika pale wakakosa la kusema.

Usiku, barabarani nje ya ukuta, nilimkuta mtembezaji amewaambia watu wake wazime simu, wanyamaze, wasikilize watoto wanaolia vyumba vya chini. Na kweli kilisikika kilio. Mwenzake alikuwa amechutama pembeni nyuma ya pikipiki, na spika ndogo ile ya kuunganisha na simu, taa yake ya buluu inawaka na kuzima. Yaani mtu amekaa akatafuta intaneti kilio cha mtoto, akakichagua, akakipakua, akakileta Mkunazini kukipiga. Katika mji huu wapo watu ambao bibi za bibi zao walipitishwa soko lile, na hawasemi, kwa sababu kwetu asili ya namna hiyo haitajwi hadharani. Wanapita njia hiyo hiyo kurudi kazini.

Na vyumba vyenyewe tusivifanye silaha. Wapo wanahistoria wanaohoji kama ni vya enzi ya soko, kwa kuwa jengo lililo juu yake ni la misheni, la baada ya soko kufungwa. Mtembezaji mzuri huueleza ubishi huo, na mgeni haondoki amepungukiwa. Hatuhitaji vyumba vile ili utumwa uaminike. Biashara ya magendo iliendelea baada ya 1873, na Mangapwani kipo chumba kilichochimbwa mwambani karibu na bahari, kinachohusishwa na magendo hayo. Utumwa wenyewe kisheria haukuondolewa hapa mpaka mwaka 1897. Yote haya yameandikwa, yanathibitika. Ukitia uongo mmoja katikati yake, anayetaka kusema hayakutokea ataushika huo huo.

Jumba la Maajabu, lile kasri la masultani pale Forodhani, nalo lina lake. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake iliporomoka ilhali linafanyiwa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Haukupita muda, katika vikundi vya usiku ikawa inasimuliwa kwamba watumwa waliozikwa ndani ya nguzo wamedai haki yao. Simulizi ya watu kuzikwa kwenye msingi ni ya zamani, na huko Dunga, kwenye magofu ya kasri ya Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa Unguja, husemwa hivyo hivyo, pamoja na habari za mifupa iliyokutwa kisimani. Mimi huisimulia, nikisema inasemwa. Lakini wale wawili wa 2020 walikuwa na mama zao, na kifo chao hakikuwa cha hadithi. Jumba lilijengwa mwaka 1883. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliivunjavunja kasri ya Beit al-Hukm jirani yake, katika vita ambavyo havikufika saa nzima, na lenyewe likabaki limesimama. Limekuja kuanguka mikononi mwetu. Anayesema limeangushwa na mzuka, waheshimiwa, anawapunguzieni nyinyi maswali, na nadhani ndiyo maana hakuna aliyemkanya.

Popobawa, yule pepo aliyesemekana kuwavamia watu usiku, ndiye anayeuzika kuliko wote. Siku hizi ana fulana. Kwa kijana aliyezaliwa juzi ni katuni ya popo mwenye jicho moja, lakini sisi tuliokuwa skuli mwaka 1995 tunaikumbuka ile hali ilivyoanzia Pemba mwezi wa Ramadhani na kuvuka mpaka Unguja. Watu walilala nje kwa makundi, moto umewashwa, redio imewashwa, wanaume wazima wanaogopa kuingia chumbani mwao na hawasemi wanaogopa nini. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na kila mtu alikuwa na tafsiri yake kuhusu nani kamleta na kwa nini. Hapa mjini mtu mmoja mgonjwa wa akili alikamatwa na umati akadhaniwa ndiye, akauawa. Sijapata kumsikia mtembezaji hata mmoja akimtaja marehemu huyo. Wanachotaja ni mbawa na harufu, na wageni hucheka, kwa sababu kisa kimekatwa pale pale panapouma.

Hapo ndipo ninaposema marufuku haisaidii. Popobawa akisimuliwa kwa ukamilifu, pamoja na hofu, siasa, uvumi na yule mtu aliyeuawa, ni somo ambalo nchi nyengine zingelilipia. Mgeni mmoja aliniambia kwao Marekani nao waliwahi kunyonga watu kwa kuwadhania wachawi, Salem, mwaka 1692, na mji huo sasa unaishi kwa utalii wa jambo hilo hilo. Tulizungumza mpaka mwenye kahawa akafunga.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Nyote mnajua kibuki ni ngoma ya watu wenye pepo wa Kibuki, wanaosemekana wametoka Bukini, yaani Madagaska, na Ngazija. Pepo hao si Waislamu, na wakipanda kichwani hunywa brandi. Ndivyo walivyo, na ndivyo wanavyotulizwa. Kiti, yaani mtu aliyepandwa, anaweza kuwa mama wa heshima kabisa, mwenye buibui lake, asiyegusa pombe wala asiyekaa mahali inaponyweka. Kinachofanyika ngomani amekifanya pepo. Akishashuka, mama anarudi kuwa mama na hakuna anayemkumbusha. Waliohudhuria wote wanajua hivyo, ndiyo siri ya ngoma yenyewe kuweza kuchezwa.

Kampuni moja ilianza kuleta wageni kwenye ngoma hizo kama sehemu ya matembezi ya usiku. Waliwalipa watu wa mlangoni, siyo wenye ngoma. Mama mmoja ninayemheshimu sana alipigwa video na chupa mkononi, shungi limeanguka, macho ya Kibuki. Video ikapandishwa mtandaoni na mgeni ambaye sidhani hata alikuwa na nia mbaya. Ikazunguka, ikarudi kwenye simu za hapa hapa, ikafika kwenye kikundi cha wazazi wa darasa la mjukuu wake. Yule mama sasa haendi ngomani, na wanaomjua wanasema pepo hawajaridhika na anaumwa. Mtu ataamini au hataamini hilo la pepo, shauri yake. La aibu halihitaji imani. Nilikwenda kulalamika katika ofisi moja inayohusika, nikaambiwa hakuna sheria iliyovunjwa, ngoma ni utamaduni na utamaduni ni kivutio.

Shamba hali inaelekea huko huko. Kusini ya Unguja, kuanzia Jambiani hadi Makunduchi na Kizimkazi, mizimu, yaani mahali pa matambiko, ina wenyewe. Pango haliingiwi hivi hivi. Yupo mvyale, mlinzi wa mzimu, ana maneno yake ya kusema, ana ubani wake, na kuna siku anasema leo hapana. Mwaka Kogwa inapofika mwezi wa Julai, Makunduchi inawapokea wageni kwa ukarimu, kwa sababu ile ni sherehe ya watu wote. Mzimu si sherehe. Nimeona picha za watu wamekaa juu ya vitambaa vya nadhiri mle pangoni, wanakula chipsi.

Pemba naitaja kwa ufupi. Wamechoshwa na sifa ya uchawi wasiyoiomba. Mgeni anashuka Chake Chake na swali moja tu, wako wapi wachawi, na wapo wa kumpeleka msitu wa Ngezi usiku akaonyeshwa mti wowote. Ilhali Pujini kuna magofu ya Mkama Ndume, mtawala anayesimuliwa kwamba aliwabebesha watu mawe kichwani huku wakijikokota kwa makalio, na kipo kisima kinachosemwa kilikatwa ukuta katikati ili wakeze wawili wasionane wanapoteka maji, mmoja kwa kamba na ndoo, mwengine kwa kushuka ngazi. Mpelekeni mtu pale jua linapozama, msimulieni taratibu. Nani anahitaji mti wa Ngezi?

Na wapo maiti ambao bado wana watu wao wa kuwalilia. Waliokufa katika Mapinduzi ya mwaka 1964 watoto wao wako hai, wa pande zote, na wengine wanaishi nyumba mbili tatu kutoka pale tunapopita na wageni. Waliozama na MV Spice Islander Septemba 2011, na MV Skagit Julai 2012, wajane wao tunakutana nao Darajani. Nimeshamsikia kijana mmoja wa Nungwi akiwaambia wageni kwamba usiku wa giza sauti za abiria husikika kwenye mkondo wa bahari. Nilimwita pembeni nikamuuliza kwao walipoteza nani. Akasema hawakupoteza mtu. Nikamwambia basi nyamaza.

Msidhani miji mingine imeachia. New Orleans, Marekani, ndiyo mama wa biashara hii. Watu wanakwenda huko kwa ajili ya mizuka na makaburi. Lakini mtembezaji wa pale ana kibali cha mji, kundi lake lina kikomo cha watu 28, na saa nne za usiku matembezi yanatakiwa yawe yamekwisha. Kaburi linalosemwa ni la Marie Laveau, mganga wao mashuhuri, lilipopakwa rangi ya waridi na mtu asiyejulikana mwaka 2013, haikuchukua muda jimbo la Kanisa Katoliki likafunga geti: tangu 2015 makaburi ya St. Louis nambari moja hayaingiwi na mtalii ila na mtembezaji aliyeruhusiwa. Biashara haikufa. Ilisafika, na waliobaki nayo ni waliojua wanasimulia nini.

Basi naomba, waheshimiwa, leseni ya mtembezaji iwe na kibali cha pekee cha usiku, na mtu asikipate mpaka amekaa na wazee na amefanya mtihani wa historia ya mji, siyo mtihani wa Kiingereza peke yake. Kwa Mji Mkongwe kundi lisizidi watu kumi na wawili, vichochoro vyetu mnavijua upana wake, na saa nne watu waachwe walale. Spika, vinyago na kujificha gizani vikatazwe moja kwa moja. Mkunazini usiku pasiwe na matembezi ya kutisha ya aina yoyote. Hapo sina mjadala. Ngoma ya pepo isiingizwe katika tiketi ya mtu, na mgeni akialikwa na wenye ngoma, simu ibaki mlangoni. Mizimu iachiwe wavyale wenyewe na masheha wao waamue lipi linaonyeshwa na lipi halionyeshwi, na fungu la pesa libaki kijijini, likabidhiwe mbele ya watu.

Kuna moja ambalo halihitaji sheria, linahitaji watu wawili watatu na kinasa sauti. Bibi wanaozijua nyumba na wenyewe wa nyumba hizo wanaondoka. Chuo Kikuu cha Taifa kina wanafunzi, BAKIZA, Baraza la Kiswahili Zanzibar, ina wataalamu wa lugha, Nyaraka za Kilimani zina mahali pa kuhifadhi. Nendeni Malindi, Kiponda, Sokomuhogo, mkawasikilize kabla ya kutuandikia sisi watembezaji mwongozo wa kusoma. La sivyo tutaendelea kukopa mizuka ya London, kwa kuwa ya kwetu haijaandikwa popote.

Wenzangu wengine watasema nawaharibia riziki. Wana hoja, na baadhi yao wana watoto skuli kwa pesa hiyo hiyo ya usiku. Ndiyo maana nataka tukae pamoja, nyinyi, sisi wa leseni, masheha wa Mji Mkongwe, wavyale wa kusini watakaokubali kuja, na papasi pia, kwa kuwa tukiwaacha nje wataendelea nje. Itisheni kikao masika haya, Aprili au Mei. Hoteli nyingi zinakuwa zimefunga, wageni hakuna, na hakuna atakayesema alikuwa na safari.

Wabillahi tawfiq.

Mtembeza watalii,
Malindi, Unguja